Tulivyomzika Mtoro wa Serikali

Ndugu yangu alikuwa polisi, na kwa miezi saba serikali iliyomwajiri ilimtafuta chini ya kitanda cha mama yangu. Naanza na hilo kwa sababu watu wakisikia habari za opereshen ya jeshi na polisi huwaza helikopta na wanaume wenye bunduki wakiruka mashimo. Mimi nikisikia nawaza lile bwege lililopiga magoti sakafuni kwetu Kitengela, na tochi mkononi saa nne asubuhi, likimulika viatu vya mama vya kanisani.

Alikuwa kitinda mimba wetu. Kituo chake kilikuwa Kajiado, mjini pale, na wikendi alikuja kwangu kula ugali wa watu wanaojua ugali, maana alisema ule wa kantini ni uji uliochoka. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Naishi nyumba ya kupanga pamoja na mama, tuliyemtoa magharibi baada ya baba kufa na ndugu zake baba kugundua ghafla kwamba shamba ni kubwa mno kwa mjane. Ndugu yangu akaapa mama hatalala tena kwa watu. Akanunua kaploti Mashuuru, akakazungushia waya, akasema nyumba itafuata.

Kabla nyumba haijafuata, akachaguliwa kwenda msituni. Msitu wenyewe uko huko pwani karibu na mpaka, na wapiganaji walikuwa wamejichimbia humo, wakitoka tu kuchoma vijiji na kutega mabomu njiani. Jeshi na polisi wangeingia bega kwa bega. Hiyo bega kwa bega niliisikia kwenye tivi mpaka nikaichukia. Kulikuwa na mkubwa mmoja, ana tumbo la kutosha watu wawili, aliyekuwa akisimama mbele ya ramani na kijiti, anatangaza kwamba msitu umesafishwa. Wiki inayofuata anausafisha tena. Mimi nimesafisha jiko miaka ishirini na sijawahi kuita waandishi wa habari.

Fahali wawili hawakai zizi moja, na hao wakubwa wetu walijua hivyo vizuri sana. Ndugu yangu alinipigia simu akanieleza, huku anacheka. "Dada, wanajeshi wako na kambi yao na sisi tuko na yetu. Hata chumvi hatuombani. Wao wako na redio yao, sisi yetu, na hizo redio hazisikizani."

"Sasa mkienda kazi mnaenda aje?"

"Gari yetu imelala, haina tairi. Kwa hivyo tunaomba lifti kwao. Unaongea na dereva vizuri, unapanda."

Nilidhani ananitania. Kumbe ndivyo vita vya taifa vilivyokuwa vikiendeshwa, kama watu wanaoenda soko la mbuzi.

Siku moja ya Jumanne akanitumia mesej: leo tunapanda ya jeshi, salimia mathe. Jioni tivi ikasema gari la jeshi limekanyaga bomu msituni, mashujaa wetu wameanguka, opereshen inaendelea. Nikapiga simu yake. Nimeipiga mara nyingi sana tangu siku hiyo, na haijawahi hata kulia.

Yaliyofuata niliyajua polepole, kwa kukaa kwenye mabenchi. Jeshi lilihesabu watu wake, walio hai na waliokufa, hesabu ikatimia, likafunga kitabu. Polisi nao walihesabu wa kwao kwenye gwaride la asubuhi, wakakuta mmoja hayuko. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba alipanda gari la wenzao, kwa sababu lifti ilikuwa mambo ya kukonyezana na dereva, na dereva alikuwa amekufa. Mtu asiyekuwepo gwarideni siku moja ni mchelewaji. Siku zikizidi, anaitwa mtoro. Faili lake likatumwa Kajiado, kituo alikotoka, pamoja na amri ya kumkamata.

Nilienda Kajiado kumwona mwenye hilo faili. Alikuwa afande wa makamo, mpole wa sura, mwenye tabia ya kulamba kidole kabla ya kufungua kila ukurasa. Nikamwonyesha mesej. Akaisoma mara mbili.

"Madam, hii inaweza kuwa aliandika akiwa mahali popote," akasema.

"Ameandika anapanda gari ya jeshi. Gari ya jeshi ikalipuka siku hiyo hiyo. Wewe unataka akuandikie tena baada ya kulipuka?"

"Jeshi wamesema hakuna mtu wetu kwa gari yao."

"Na nyinyi mmewauliza wamehesabu vipande ama watu?"

Akalamba kidole. Akasema hiyo ni mambo ya huko juu. Nikaenda kwa hao wa huko juu, nikaenda na kwa wanajeshi, ambako sikuvuka geti. Kijana wa getini aliniambia kwa heshima zote, "Huyo ni wa polisi, mama, uliza polisi." Walikuwa bega kwa bega kweli, ila ndugu yangu alikuwa ameangukia katikati.

Nilirudi Kajiado likizo nzima ya Aprili. Nikazoea lile benchi, na vumbi la mnadani likija na harufu ya ng'ombe, na akina mama wa Kimaasai wakinisalimu "takwenya" nami nikijibu "iko" kama mwenyeji. Wao walikuwa wamefuatilia kesi za mbuzi walioibwa na walikuwa wakisikilizwa kuliko mimi.

Kisha wakaja kupekua nyumba. Yule afande wa faili na mwenzake mmoja mwenye tochi, ndilo bwege nililolitaja. Walifungua kabati, wakaangalia chooni, wakamulika chini ya kitanda. Mama akawapikia chai. Kwetu mgeni hatoki bila kitu mdomoni, hata kama amekuja kukutukana. Bwege la tochi likaomba sukari zaidi. Nilitamani kulimwagia hiyo chai, lakini mama alinikazia macho, nikaleta sukari.

Sasa nitasema jambo ambalo sikumwambia mtu wakati huo. Niliwadharau wale watu mpaka mate yakawa machungu, na bado nililipenda lile neno lao. Mtoro. Mtoro ni mtu anayekula na kulala mahali. Usiku nililala nikimfikiria amevuka mpaka, amefuga ndevu, anauza nguo za mitumba huko Tanzania, mwoga, mwenye aibu, mzima. Nilikuwa nikiwatukana mchana kwamba wamekosea, halafu nikilala naomba Mungu wawe sahihi. Mjinga wa kwanza katika hadithi hii ni mimi.

Mama hakuwa mjinga. Mwezi wa saba tangu apotee, alisema tuzike.

"Tuzike nini, mama? Hatuna mwili."

"Tutazika mgomba."

Kwetu mtu akifia mbali na asipatikane, hukatwa shina la mgomba likavikwa nguo zake, likaliliwa na kuzikwa kama yeye. Ni jambo la haki, marehemu anapata pa kulala na walio hai wanapata pa kukaa. Lakini lina upande wake wa pili, na ndio ulionitisha. Ukishauzika mgomba na mwenyewe akarudi yu hai, hawezi kuingia kwako tena. Ameshazikwa. Mlango wa mamake umefungwa, na akiulazimisha analeta kifo ndani.

"Na akirudi?" nikamuuliza mama.

"Mtoto wangu alinipigia kila Jumapili tangu aanze kazi. Hata akiwa mgonjwa. Wewe unamjua, ama unamjua yule wa faili?"

Wiki nzima niliendelea kuipiga ile simu yake. Halafu nikaanza kutafuta mgomba.

Jaribu kupata mgomba Kitengela. Ule udongo mweusi unapasuka kiangazi na kuganda kwenye viatu masika, na ndizi zote tunazokula zimekuja kwa lori. Mmoja tu niliujua, nyuma ya ploti yetu, unaonyweshwa na maji ya bafu zetu sote. Ulikuwa wa mwenye nyumba, mzee wa kutoka Murang'a anayejulikana kwa kuhesabu hata balbu. Nilipomwomba shina alidhani nataka mbegu, akaanza kunieleza jinsi ya kuchimba shimo. Nikamwambia ni la kuzika. Akaingia ndani, akatoka na panga na kuukata mwenyewe, wote, pamoja na mkungu uliokuwa haujakomaa. Kati ya wanaume wote nilioongea nao miezi ile, huyo bahili ndiye wa kwanza ambaye hakunidai barua ya ofisi yoyote.

Tulimzika Jumamosi, kwenye kaploti kake Mashuuru. Tulikuwa watu kama kumi na watano, wengi wakiwa wanawake wa kanisa la mama. Shina tulikuwa tumelivika koti lake la buluu na kulizungushia shuka. Tulipolifikisha kwenye shimo nikamwona yule afande amesimama kwenye waya, amevaa sare, faili kwapani. Nikamwendea.

"Umekuja kutuona tukilia?"

Hakuniangalia. "Nimetumwa. Wanasema kama anajificha, anaweza kuja."

"Kwa mazishi yake mwenyewe."

"Madam, mimi nimetumwa tu."

Watu wazima walikaa ofisini, wakaangaliana, wakakubaliana kwamba mtu atakuja kujitazama akizikwa, na kwamba hapo ndipo watamkamatia. Hao ndio wangetushindia vita msituni.

Mama alikuwa ametusikia. Akamwita, "Kuja hapa, baba."

Akaja mpaka ukingoni mwa shimo. Mama ni mfupi, ilibidi ainue uso.

"Unasema mtoto wangu ametoroka."

"Ndiyo vile faili inasema, mama."

"Sikuulizi faili, nakuuliza wewe. Wewe uko na watoto. Niapie hapa, mbele ya hawa watu, kwamba huyu wangu yuko hai. Ukiapa, nasimamisha haya maneno saa hii. Huu mgomba nautupa huko, narudi nyumbani nimngoje."

Wanawake wakaacha kuimba. Nilimtazama afande mdomo. Miezi saba nilikuwa nimemdharau mtu huyo, kidole chake, faili lake, na huo upole wake usio na faida, na pale nikawa namwomba, kimoyomoyo, aape. Hata akidanganya, ningemwamini.

Hakuapa. Aliweka faili chini kwenye majani, akavua kofia, akainama, akashika lile shina upande wa miguu.