Kilio Juu ya Kapu

Chakula chetu kilitoka ndani ya kapu, na ndani ya kapu nilikuwa mimi. Watu wakisikia kwamba mume wangu alikuwa mwanamazingaombwe, huuliza habari zake yeye tu: joho lake, tarabushi yake, mayai aliyokuwa akiyatoa masikioni mwa makarani. Hakuna anayeuliza habari za mwanamke aliyejikunja mle ndani, akiibana pumzi huku panga zikipita mbele ya pua yake. Sasa nimezeeka, magoti hayakunjiki hata kwa kuchutama jikoni, basi nitajisemea mwenyewe.

Nilimpata Tabora, zamani za Mwingereza, nilipokuwa nikikaa kwa shangazi yangu Chemchem. Alikuwa kijana wa mtaa wa Gongoni, Mwislamu. Ushonaji alifundishwa na fundi wa Kihindi aliyekuwa na duka karibu na kwao. Mazingaombwe alifundishwa na Mhindi mwingine, mpita njia, aliyeshuka kwenye gari moshi na michezo yake akashikwa na homa kali, akauguzwa nyumbani kwa kina mume wangu mpaka akapona. Yule mgeni alipoondoka aliacha ujuzi wake na aliacha kapu. Joho, mume wangu alijishonea mwenyewe kwa vitambaa vya miavuli mibovu, na mvua ikinyesha ndilo lililokuwa likitukinga sote wawili.

Siri ya kapu sioni haya kuitoa, maana ilikwisha kutoka. Lilikuwa pana tumboni na jembamba mdomoni, kama mtungi. Mimi niliingia, nikajikunja pembeni kuzunguka tumbo lake kama chatu, nikaacha katikati wazi. Mume wangu alichomeka panga zake, ndefu na nyembamba, moja baada ya nyingine kwa mpango niliokuwa nikiujua kama sala, nami nikawa nasogea na kuziepuka. Kisha alizichomoa, akarukia ndani mwenyewe na kukanyaga kwa miguu miwili kuonyesha kwamba hamna mtu. Hapo ndipo wanawake walipoziba macho. Halafu alitoka, akazirudisha panga, akalifunika kapu kwa shuka, akapiga ngoma ndogo aliyoivaa kiunoni, akachomoa kila kitu, nami nikainuka nikiwa nimevaa kanga nyingine. Ndiyo hayo tu. Lakini ukiyatazama, roho ilikuruka.

Adui yetu alikuwa kikohozi. Tangu utotoni, vumbi la mabua na makapi hunishika koo. Nyumbani kwetu Lusu, upande wa Nzega, tukicheza kujificha, nilipenda kuingia kwenye kihenge kilichobaki kitupu, na mama hakuhitaji kunitafuta. Alisimama uani akingoja nikohoe. Kwa ajili hiyo mume wangu alinitafunisha tangawizi kabla ya kila mchezo, na tulikuwa na makubaliano kwamba akisikia koo langu linakwaruza ataigonga ngoma kwa nguvu.

Tulisafiri kwa malori ya wenye maduka, juu ya magunia ya chumvi, na pasipo na lori tulikwenda kwa miguu, yeye na sanduku la bati, mimi na kapu kichwani. Kila wilaya tulianzia bomani kuomba kibali. Karani aliuliza kama huu si uchawi, maana uchawi ulikuwa na sheria yake, na mume wangu akajibu kwa kumtoa yai sikioni. Karani alicheka, akagonga mhuri. Njia tuliyoishika ilikuwa ile ile ya wapagazi wa zamani, na wazee tuliowakuta vijijini walimpenda mume wangu kwa sababu alijua kuzipiga nyimbo zao za safari kwenye ngoma yake. Nilizipenda siku hizo kuliko siku zozote za maisha yangu. Nasema wazi kwa sababu mama yangu hayupo tena kusikia.

Mama hakuwahi kumkubali. Sisi ni Wakatoliki, na mimi nilikuwa nimeolewa bila padri, bila ng'ombe, na mtu ambaye kazi yake ni kudanganya macho ya watu. Alituma neno kwa shangazi: "Mwambie nilizaa mtoto, sikuzaa kiroja cha sokoni." Mimi nilituma salamu kila nilipopata mtu wa kwenda Nzega. Hazikujibiwa. Kwa hiyo mume wangu aliposema kwamba mwaka ule tutapita Lusu, watu wamevuna na wana furaha, nilimwomba turuke. Alisema kijiji cha mke wake ndicho asichoweza kukiruka, watasema anaona aibu.

Tulifika mchana, lori likatushusha karibu na kwa mwanangwa, mkuu wa kijiji, na dereva akasema atatuchukua asubuhi. Nyumbani kwetu kulionekana pale tuliposimama. Nililiona paa, niliuona moshi. Sikwenda. Nilijiambia nitakwenda baada ya mchezo, nikiwa nimevaa kanga nzuri, na watu wakiwa wamenipigia makofi, ili mama anione nikiwa mtu. Uoga ukikosa sababu hujitungia.

Jua lilipopoa watu walikuwa wamejaa uwanjani kwa mwanangwa. Nilikuwa nyuma ya pazia nikitafuna tangawizi yangu. Nilimsikia mume wangu akiomba mtu mzima mmoja aje alikague kapu, kisha nikasikia watu wakicheka kicheko cha ajabu, cha kuzuia. Baadaye nilielezwa. Alimshika mkono mama mmoja aliyeketi mbele kabisa, amejitanda shuka hadi kwenye nyusi, akamwinua, akamwinamisha juu ya kapu. Kwetu mkwe hamwangalii mama mkwe usoni, wakikutana njiani mmoja hukata porini. Na yeye, hajui, amemshika kiwiko mama yangu mbele ya kijiji kizima na kumwita "dada yangu". Mama alilikagua kapu, akasema halina kitu, akarudi kukaa.

Nikatoka, nikainama, nikaingia. Sikutazama watu. Wakati wa mchezo nilikuwa sitazami, kwa sababu jicho la mtu laweza kukutoa katika mpango wako. Panga zikaanza kuingia. Sijui kama ni vumbi la uwanja, au ni tangawizi iliyokuwa kavu, lakini panga za mwanzo zilipokwisha kupita koo likanishika, nikakohoa. Kilikuwa kikohozi kidogo, cha kumeza. Ngoma ililia juu yake mara moja. Mume wangu akaendelea, akachomoa, akaingia, akakanyaga, akatoka, akazirudisha panga, nami nikashukuru Mungu kwamba tumepona.

Hapo ndipo kilio kilipoanza. "Mwana wane, mwanangu, wameniulia mwanangu." Niliijua sauti ile kabla sijayaelewa maneno. Na kwetu kilio hakilii peke yake: mwanamke mmoja akianza, wa pili hampi nafasi ya kuuliza, hupokea. Uwanja mzima ukapokea. Mume wangu alipiga ngoma, akatania, akasema tulieni mama zangu, lakini hakuna ngoma inayoshinda kilio cha msiba. Nikasikia mtu ameanguka chini akigaagaa, na nilijua ni nani.

Sheria ya kazi yetu ilikuwa kutotoka kabla ya shuka kufunikwa. Nilitoka. Nililisukuma kapu kwa mgongo, upanga mmoja ukanichana bega, nikasimama pale mbele ya watu wote, panga zikiwa bado zimechomekwa huku na huku, na kila mwenye macho akaona wazi zilipopita na mimi nilipokuwa nimejikunja. "Mama," nikasema, "niko hapa, mama." Sijuti kwa kutoka. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, lakini hata mwana anao wake.

Mama alinyamaza, akanitazama, lakini hakunigusa. Hakuna aliyenigusa. Nilikuwa nimeliliwa.

Hili wageni hawalijui. Nchi yetu ilitoa wapagazi, na wapagazi walikwenda pwani wakapotea miaka, na mara nyingi habari za kifo zilitangulia kurudi kuliko mtu mwenyewe. Kwa hiyo kulikuwa na desturi ya kumpokea aliyekwisha kuliliwa. Haingii kwa mlango kama mtu. Husimama chini ya upenu, maji yakamwagwa juu ya paa yamtiririkie, akanyolewa, akapakwa unga wa mtama, moto wa zamani ukazimwa na kuwashwa mwingine. Kisha hasafiri tena mpaka ale mavuno ya shamba alilolilima mwenyewe, ili kifo kimwone ametulia na kimwache. Babu yangu alililiwa mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa amepotelea pwani kweli. Mara ya pili alikuwa Kigoma tu, na nusu ya kijiji walijua yuko Kigoma, lakini bibi alikwisha kulia, na babu hakubeba mzigo tena.

Mama alikuwa mbatizwa na katekista alikuwa amesimama pale pale. Katekista alilitazama paa letu, akakumbuka kwamba ana kazi kwake. Nikamwagiwa maji, nikanyolewa. Watu walikuwa wametoka tu kuvuna, kwa hiyo kungoja mavuno maana yake ilikuwa kungoja mwaka. Asubuhi lori lilipokuja, mume wangu alipanda na kapu. Hakunilaumu. Aliniambia, "Kaa na mama yako. Nitacheza mchezo wa vikombe na wa mayai mpaka urudi."

Lakini maneno yana miguu kuliko lori. Alipofika Nzega watoto walikuwa wakimngoja sokoni na wimbo: amejikunja pembeni, amejikunja kama chatu. Alipotoa vikombe walidai kapu, alipotoa kapu waliimba. Alijaribu njia ya kusini, wimbo ukawa umetangulia. Nilipoyala mavuno yangu na kurudi Tabora, nilimkuta kwenye baraza ya duka, Gongoni, nyuma ya cherehani. Joho lilikuwa limefumuliwa na kuwa vitambaa vya mifuko ya suruali. Kapu lilikaa miguuni pake, limejaa vipande vya nguo.

Alishona mpaka uzeeni. Hakuwa fundi mbaya. Lakini kulikuwa na hadithi moja aliyokuwa akiisimulia kwa kila mteja aliyekaa kungoja suruali yake, na akiisimulia mgongo wake ulinyooka. "Wako wanamazingaombwe wengi," alisema, "lakini nitajie mmoja aliyecheza mpaka mzazi akamlilia mwanawe aliye hai. Mimi nimefanya hivyo, Lusu. Kazi ilikufa siku hiyo, ndiyo, lakini ilikufa ikiwa juu." Hicho ndicho alichobakiwa nacho badala ya ile njia. Mimi nilipokuwa nikipita na chai nilimsikia, na nilifurahi kwamba anacho.

Miaka ikaenda. Mama akaugua kifua, nikaenda Lusu kumwuguza. Siku moja mchana alikohoa sana, nikamchemshia tangawizi. Alikunywa, akacheka kidogo.

"Hii ndiyo dawa yako wewe," akasema. "Ukiingia kwenye mabua, lazima ukohoe. Hata siku ile ndani ya kapu ulikohoa."

Nikauliza, "Ulisikia, mama?"

"Nilikuwa mbele kabisa. Ngoma ilichelewa."

"Basi ulijua mimi ni mzima."

"Nilijua."

"Sasa mbona ulilia?"

Aliishika ile bilauri kwa mikono miwili. "Ulishuka mchana kwa mwanangwa. Niliambiwa. Nikafagia, nikaweka maji. Hukuja. Na lori lilikuwa linaondoka asubuhi." Akanywa tena. "Bibi yako ndiye aliyenifundisha. Mtu hazuiliki kwa maneno."

Kama ningetembea zile hatua chache siku ile, nikapiga hodi, nikasema shikamoo, mama asingelia, na mume wangu angeendelea kutoa mayai masikioni mwa makarani mpaka Mwanza. Nalijua hilo, na najuta, na nimejuta nikiwa ninapika, nikiwa ninafua, nikiwa kanisani. Tulimzika mama kabla ya mvua.

Niliporudi Gongoni, mume wangu alikuwa na mteja, na alikuwa amefika pale pale mama anapoanguka chini. Aliponiona aliacha kukanyaga cherehani. "Muulize mwenyewe," akamwambia yule mtu. "Huyu ndiye aliyekuwa ndani. Mama yake alilia au hakulia?"

"Alilia," nikasema. "Kijiji kizima kililia."

Akatabasamu, akaendelea kushona. Kila mwaka nilijiambia nitamweleza, na kila mwaka niliuona ule mgongo unavyonyooka, nikapita na chai yangu. Alikufa bila kujua kwamba siku ile, katika uwanja ule wote, mtu aliyedanganywa alikuwa yeye.

Walipomlaza, wanawake wa Gongoni walinitazama, maana kilio cha mume huanzwa na mke. Waislamu hawapendi kilio kikubwa, lakini nilikipaza kama kwetu, kwa sauti ile ile ya mama, na wenzangu wakapokea. Kisha nikanyamaza ghafla, nikainua mkono, nao wakanyamaza. Walidhani nimeishiwa pumzi. Nilikuwa nasikiliza kama atakohoa.