Mukwe Asiyeshika Simu

Juma hili, kwenye benchi la dispanseri moja ya mtaa wa Makomeno, simu ya mama mmoja mzee ililia. Akafungua sauti kubwa, kama wazee wetu wanavyopenda, nasi wote tukasikia.

"Mama, ni mimi mukwe wenu. Munisomee ile namba ya siri yenye imeingia mu telefone yenu. Mbio, tafazali."

Mama akaishusha simu mapajani, akaikata taratibu.

"Haikuwa sauti yake, mama?" nikamuuliza.

"Sauti iko yake kabisa. Lakini mukwe wangu, tangu aoe mutoto wangu, hajaniomba hata maji. Kila kitu anapitishaka kwa mutoto wangu uyo, bibi yake. Uyu wa mu telefone haana haya."

Siku hizi mashine huokota sauti ya mtu mtandaoni na kuisemesha chochote. Namba ile ingewafungulia wezi simu yake yote. Na sisi tunaojiita wa kisasa tunaicheka haya ya ukwe, ile ya mkwe kutosema na mama mkwe moja kwa moja.

Mama akampigia binti yake, akamsimulia. Nyuma ya sauti ya binti tukasikia mwanamume akinong'ona: "Umuambie mama haikukuwa mimi. Umuambie anisamehe."

Uso wa mama ukalainika. "Munasikia?" akatuambia. "Hata sasa anaogopa kukamata telefone. Uyu njo mukwe wangu."