Muhuri Unataka Pumzi

Fundi mihuri wa karibu na soko ana vidole vyeusi kwa wino hata siku ya misa, na anavionyesha kama mtu mwingine anavyoonyesha pete. Anachonga kwa wembe kwenye soli ya sandali kuukuu, ulimi nje, na kabla ya kugonga anaupulizia muhuri mara tatu, haa, haa, haa. Kisangani nzima, kwa maneno yake, hakuna mkono wa pili kama wake.

Juzi inspekta wa polisi alikuta muhuri wa serikali sandukuni mwa fundi. "Papa, kuwa na kitu kama hii tu, iko gereza."

"Chef, mukubwa wangu, si yangu. Kuna mutu aliisahau hapa. Miye sijaigusa hata siku moja."

Inspekta akakaribia kumwamini. Akaugonga mwenyewe kwenye karatasi, apate ushahidi: ukatoka umepinda, nusu hauonekani. Fundi akatazama pembeni, akakohoa. Inspekta akagonga tena, vibaya zaidi. Hapo fundi akashindwa kuvumilia. Akampokonya muhuri, haa, haa, haa, akagonga duara safi, kila herufi mahali pake.

Hata alipofungwa pingu alikuwa bado anabembeleza: "Chef, pole pole, musikunje ile karatasi. Wino bado haijakauka."