Ng'ombe wa Baba katika Boma la Shule

Kabla ya kuwa shule, ilikuwa nyumba ya tembe upande wa Ng'ambo, Tabora. Aliijenga babu wa mwenye shule, Mwarabu aliyefika na misafara, kwa kuta nene za udongo na paa bapa. Bweni letu lilikuwa ghala lake la pembe za ndovu. Wakubwa wa mjini hawakupenda kulitaja jambo hilo, sisi wasichana tulilitaja kila siku. Tuliwaambia wageni kwamba wakinyamaza watasikia wapagazi wakikohoa ukutani. Uzushi huo ulikuwa wangu, na mimi ndiye niliyeuogopa kuliko wote.

Mwenye shule tulimwita Maalimu. Alikuwa mzee mwembamba, kanzu yake imechakaa kwenye mikono. Ndugu zake walifungua maduka, yeye akafungua shule ya bweni ya wasichana, na wakamwona amerukwa na akili. Bendera mpya ilikuwa imepandishwa juzijuzi tu. Alisema nchi itahitaji wauguzi na walimu, nao hawatashuka kutoka mbinguni.

Kwetu Choma watu walikuwa na ng'ombe, fedha hawana. Maalimu alilijua hilo, maana ukoo wake ulifanya biashara na wafugaji tangu zamani. Akaja mwenyewe kijijini, akaketi kwenye kigoda, akawaamkia wazee kwa Kisukuma, "Mwangaluka," kwa lafudhi iliyowavunja mbavu wanawake ndani. Kisha akasema atafuata desturi yetu. Kwetu, mtu humpa rafiki yake ng'ombe amtunzie. Rafiki humchunga, hunywa maziwa, hupata mbolea ya shamba. Lakini ng'ombe na ndama wake wote hubaki mali ya mwenyewe, na siku akiwataka huja kuwaswaga akarudi nao. Basi kila msichana angekwenda shule na ng'ombe wake, maziwa yawe ada, na akimaliza angerudi naye.

Baba hakuwa na mifugo mingi. Alimtoa jike mweusi mwenye baka jeupe kiunoni, ambaye ndiye aliyetunywesha maziwa nyumbani. Baba zangu wadogo walicheka hadi machozi. "Kaka, huyo ng'ombe naye atasoma darasa la ngapi?" Baba akaendelea kumfunga ng'ombe kamba. Mimi aliniambia, "Utarudi na cheti, yeye atarudi na ndama. Nitawapitisha nyote mbele ya milango yao."

Shuleni kusema Kisukuma ilikuwa kosa, na adhabu yake ni kusugua masufuria makubwa ya jikoni. Mimi niliyasugua sana. Jioni tuliruhusiwa kwenda bomani, kule uani ambako zamani wapagazi walitua mizigo, na huko nilimkuna ng'ombe wetu shingoni na kumweleza ya siku nzima kwa lugha ya nyumbani. Ng'ombe hakunisemea kwa mtu. Nilimpenda kwa namna ambayo hata sasa naona haya kidogo kuieleza.

Halafu likaja Azimio la ujamaa. Uvumi ukaenea kwamba shule za watu binafsi zitachukuliwa, na Maalimu akakonda zaidi. Lakini alisikia pia redioni kwamba shule zinatakiwa zijitegemee, na hapo akapata wazo lililotumaliza. Wageni kutoka mkoani walipotangazwa kuja, alituamuru tuwaoshe ng'ombe na kufagia boma. Akawatembeza wageni humo akiwaeleza kwamba huu ndio mradi wa shule yake, na kwamba shule inayojilisha yenyewe haina haja ya kusumbua serikali. Aliamini wakiona hivyo watamwachia. Sisi wa Choma tulitazamana, lakini nani angemkatiza Maalimu mbele ya wakubwa? Wageni walimsifu sana, wakampa mkono mmoja mmoja.

Shule ikachukuliwa pamoja na kila kitu alichowaonyesha. Maalimu akahamia kwa jamaa zake mtaa wa Isevya. Akaja mkuu mpya, kijana aliyevaa suti ya Chou-en-lai kama viongozi wa siku zile, wala hakuwa mtu mbaya. Alitukusanya akatangaza kwamba tangu siku hiyo elimu ni bure. Tulipiga vigelegele mpaka popo wakatoka darini. Nilifikiri sasa nitasoma bure, na ng'ombe atarudi kwa mama. Wiki hiyohiyo ng'ombe wakapigwa chapa.

Baba alikuja amevaa koti lake la sherehe. Nikamwamkia, "Shikamoo baba," akaitikia huku akicheka, kisha akamgeukia mkuu.

"Nimesikia shule ni bure. Ni jambo jema sana, mwalimu. Basi nimekuja kumchukua ng'ombe wangu."

"Mzee wangu, hao ni ng'ombe wa shule. Mwenye shule alisema mwenyewe mbele ya viongozi."

"Hakuwa wake. Angemtoaje?"

"Ni mali ya umma sasa, mzee. Na binti yako si anakunywa maziwa hayo?"

Baba akaenda Isevya kumtafuta Maalimu. Alirudi peke yake. Alinieleza kwamba mzee yule alitoka barazani, akamshika mkono, akalia tu. Kisha baba akaniambia nifunge sanduku langu.

"Baba, nimebakiza mwaka mmoja tu," nikamwambia. "Na ni bure!"

"Mwanangu, nilileta hapa wawili. Watu hawa hawarudishi walichowekewa. Siwezi kukuacha."

Nilimsihi, nikapiga magoti uani mbele ya wenzangu. Siku ile nilimchukia baba yangu, na nilipotafuta kosa lake sikuliona. Sikukanyaga tena darasani maisha yangu yote.

Mkuu hakutuzuia. "Huyu ni mwanao, mzee. Hilo siwezi kukukatalia." Askari akatufungulia lango bila kuuliza. Ng'ombe wetu alikuwa bomani na ndama wake, chapa bado mbichi. Nikamwita kwa Kisukuma, kwa sauti, maana sasa hakuna ambaye angenipa masufuria. Akageuka, akatufuata mpaka langoni. Askari akamrudisha kwa fimbo, kisha akafunga.