Mto Ulio Chini ya Duka

Jiji la Genova, Italia, limebanwa kati ya milima na bahari, na mito yake imefunikwa ili watu wapate pa kujenga barabara. Wenye akili walidhani mto ukifunikwa husahau njia yake. Iolanda Cambiaso, mjane aliyechoma farinata, ule mkate bapa wa unga wa dengu, kwa miaka thelathini na tisa, hakuwahi kudhani hivyo. Alijua kilichopita chini ya duka lake, na kila Oktoba alikiogopa.

Asubuhi moja ya Oktoba upepo wa baharini ulikuwa wa joto, unanata shingoni, na mnara wa taa bandarini haukuonekana kwa ukungu. Kufikia saa sita ukashuka upepo wa baridi kutoka milimani. Pepo hizo mbili zilipokutana, mvua ikamwagika. Iolanda akapachika vibao vya chuma mlangoni kuzuia maji, kama majirani wote.

"Mama, umeanza tena," alisema binti yake Milena, ambaye sasa ndiye aliyeendesha duka. "Kwako kila wingu ni gharika."

"Cheka tu, mwanangu, ila usishuke ghalani."

"Kuna magunia sita ya unga kule chini. Yakilowa, kesho tuchome nini? Vibao?"

Akashuka. Watu wa mtaa ule ndivyo walivyo: maji yakija, wao hukimbilia chini kuokoa mali. Tullio, marehemu mumewe Iolanda, miaka kumi na mitatu nyuma alishuka vivyo hivyo kufuata mitungi ya mafuta ya zeituni. Iolanda alimwita mara tatu, na mara zote tatu akajibu, "Nakuja." Hakupanda tena.

Nje, mfuniko wa chuma katikati ya barabara ukaanza kugonga, ko, ko, ko. Mto ulikuwa unausukuma kutoka chini. Iolanda akakimbilia ngazi za ghala.

"Milena, panda juu!"

"Nakuja, Mama. Limebaki moja."

Neno lile lilimkata maini. Akageuka, macho yakaangukia tanuri.

"Farinata inaungua!"

Miguu ikapanda ngazi mbio. Katika nyumba ile hakuna aliyewahi kuacha sinia liungue. Milena akatokea, unga hadi kwenye nyusi, akafungua tanuri. Farinata ilikuwa na rangi ya dhahabu, haina hata doa.

"Mama, mbona unanifanyia utoto?"

Kabla hajajibiwa, kidirisha cha ghala kikavunjika kwa kishindo. Maji ya matope yakajaa mle chini, yakaanza kupanda ngazi moja baada ya nyingine. Milena aliyatazama, akamshika mama yake mkono, wakakimbilia ghorofani.

Huko juu Iolanda alilia sana. Milena alidhani ni hofu, akamkumbatia. Kwa miaka kumi na mitatu Iolanda alikuwa akijiuliza angemwambia nini Tullio ili apande. Kumbe yalikuwa maneno mawili tu.