Bastola Isiyoshika Kutu

Jumatatu nilikwenda kituo cha polisi huku Diani kuripoti kitambulisho kilichopotea. Nyuma ya kaunta, askari wawili wa doria ya ufuoni walikuwa wakibishana juu ya bastola zao, nami nikasahau kilichonileta.

"Mama, hiyo yako ya chuma itakuozea kiunoni," alisema kijana wa kutoka bara. "Yangu mpya haishiki kutu hata ukiilaza baharini."

Mwenzake, mama wa makamo kutoka Msambweni, aliichomoa yake taratibu, akatoa risasi, akaiweka juu ya kaunta. Ilikuwa kuukuu na imekwaruzika, lakini iking'aa. "Naipaka mafuta ya nazi kila jioni, kama ninavyompaka mwanangu nywele," alisema. "Haya baba, nasi tuione hiyo yako."

Kijana alishika kifungo cha mkoba wa bastola kiunoni. Akavuta. Akavuta tena, mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Kifungo kilikuwa cha chuma, na upepo wa chumvi ulikuwa umekigandisha kwa kutu.

"Lakini bastola yenyewe ni nzima," alisisitiza huku jasho likimtiririka.

"Alhamdulillahi," alijibu mama, akimsogezea kichupa chake cha mafuta. "Basi akija mwizi, mwambie asubiri kidogo."

Tulicheka sote, kijana naye akiwamo. Nilirudi nyumbani moyo umetulia. Huku kwetu tuko salama kabisa, mradi wezi wetu wadumishe adabu ya kupiga hodi na kungojea waambiwe karibu.