Kisanduku Nilichokiruka

Wenzangu, hili nimelificha miaka mingi, maana nikilikumbuka masikio bado yanapata moto, lakini acheni leo nilitoe, mcheke, yaishe.

Enzi zile za vijiji vya ujamaa nilikuwa mwalimu wa elimu ya watu wazima Mwamapalala, na kampeni ilikuwa kila kaya iwe na choo. Wanafunzi wangu wengi walikuwa bado wanahangaika na irabu, nikaona afadhali nichore hadithi ya picha kwenye ukuta wa ghala la pamba (nilijiona fundi, kumbe ng'ombe wangu wote walifanana na mbuzi). Nilipanga visanduku vinne: mwenyekiti wetu, Mzee Masanja, anafika kwa mjane Mama Kabula na jembe begani, anamchimbia shimo la choo, anaondoka amechoka, mwisho Mama Kabula anatabasamu kando ya choo kipya. Hayo hayakutokea, niliyatunga tu ili watu waige, na ruhusa sikuomba.

Sasa chokaa ikatosha visanduku vitatu. Nikaamua kukiruka kile cha kuchimba, maana mtu aliye shimoni anaonekana kichwa tu, na vichwa vilikuwa vinanishinda. Chini ya kila mtu nikaandika jina lake, na katikati nikasema watu watajaza wenyewe.

Wakajaza. Asubuhi nakuta umati ukutani, na mzee mmoja anawaeleza wenzake kwamba mwenyekiti ameingia kwa mjane, ametoka shati liko begani na jasho linamtiririka, na sasa ameoa mke wa pili na kijumba cha nyasi ameshamjengea. Mama Kabula mwenyewe alikuwa anapewa hongera. "Hata mimi ndiyo nasikia hapa," akawa anajibu.

Mara akaja Mama Holo, mke wa mwenyekiti, na mumewe nyuma yake.

"Mwangaluka, mayu," nikamwamkia kwa Kisukuma, kama mama yangu.

"Mwangaluka. Mwalimu, hapa anaingia, hapa anatoka. Katikati alikuwa anafanya nini?"

"Anachimba shimo, mayu."

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. "La choo," nikaongeza, na kile kijumba nikakionyesha kwa kidole, wakacheka zaidi.

Mama Holo hakucheka. Akamgeukia mumewe. "Baba Holo, kwa mjane unachimba choo, na sisi tunakwenda vichakani?"

Mzee Masanja akautazama ukuta, akanitazama mimi, akakohoa. "Kwetu ni leo," akasema. "Na mwalimu atanisaidia."

Tulichimba mpaka jioni, kijiji kizima kimetuzunguka, malengelenge yakanijaa viganjani. Kesho yake Mama Kabula akatuma ujumbe kwamba kile choo chake cha ukutani anakisubiri. Tukaenda, tukachimba tena.

Tangu hapo nikichora mtu kabeba jembe, namchora analima mpaka amalize, hata picha zifike ishirini, na sura ninayompa ni yangu mwenyewe.